Kikao cha Jumamosi: makala za utani

Mambo vipi wapendwa! Jumamosi saa 2 usiku tunakutana kwa video, linki naweka hapa hapa. Tunasoma makala mbili za utani za majarida ya madaktari:

1. BMJ (jarida la madaktari la Uingereza) 2004, wanafunzi wa udaktari London wanampima akili Gollum wa kitabu cha hadithi The Hobbit, yule wa pangoni anayejiongelesha, yani wameandika kabisa kama faili la mgonjwa
2. Medical Journal of Australia 2013, eti wabaya wa The Hobbit wanashindwa sababu ya vitamini D, jua hawaoni na mlo ovyo (hii ndo naipenda, kila mhusika kapewa hadi maksi 😂)

Kila mtu aje na kiumbe mmoja wa hadithi, dalili zake na dozi. Pia nataka mtu wa kuongoza kila makala, andikeni "nipo" kabla ya Ijumaa mchana, kimya nahesabu haupo.