Ahsante, uliyeandika upya meseji ya bili ya maji

Jina lako hatulijui, ila sisi wateja wa Pasua na Majengo, Moshi, tunakushukuru. "Huduma itasitishwa kwa kukiuka masharti" imeondoka. Sasa meseji ya kompyuta inaanza na kiasi, tarehe ya mwisho, kumbukumbu namba, kisha: "Kama umeshalipa, samahani, puuza ujumbe huu." Mama aliyelipa jana hashtuki tena.

Na ile alama ya ritifaa iliyojipinda (’) kwenye "kung'oa mita"! Moja tu hushusha nafasi ya SMS kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe unakatika vipande, kwenye kiswaswadu kumbukumbu namba inafika nusunusu. Umeweka iliyonyooka ('), basi. Nani angeiona? Hata namba ya kuuliza, sasa anapokea mtu.