Barua ya wazi kwa vijana mnaokwenda kusomea afya ya wanyama: pima kwanza ndio uchome

Wanangu hamjambo. Nawaandikia nyie mnaoripoti vyuo vya mifugo muhula huu, Tengeru, Mpwapwa, Buhuri, Morogoro, Madaba na kwingineko, mnaochukua astashahada na stashahada ya afya ya wanyama. Mimi ni bwana mifugo mstaafu, nimezunguka vijiji vya Arumeru na begi begani mpaka magoti yamegoma, na kuna jambo nataka mlisikie mapema kabla hamjazoea vibaya.

Najua baadhi yenu hamkuichagua hii kozi, mliomba uuguzi au utabibu mkakosa, sasa mmeletwa kwenye ng'ombe na mnaona aibu kuwaambia wenzenu. Msione aibu kabisa. Muuguzi anamuuliza mgonjwa unaumwa wapi, wewe mgonjwa wako hasemi, inabidi umtazame, anacheua au hacheui, masikio yamelala, kinyesi kikoje, wenzake wakikimbilia majani yeye kabaki wapi, na hapo ndipo ugumu wa kazi yetu ulipo na utamu wake pia.

Nikiwa na miezi michache kazini niliitwa kwa mama mmoja kule juu migombani, ana ng'ombe wa maziwa mmoja tu, chotara wa Friesian, ndio ada ya watoto hiyo. Ng'ombe hali, maziwa yameshuka, ana homa, nilijua ana homa kwa kumshika sikio tu maana kipimajoto nilikiacha nyumbani. Nikavuta OTC, ile antibayotiki ya oksitetrasaiklini, nikachoma, kesho nikarudi nikachoma, keshokutwa tena, na kila nikimaliza mama ananipa chai na kuniita dokta. Siku ya nne ng'ombe anahema kama aliyekimbia, siku ya sita povu jeupe linamtoka puani, akafa mchana. Nilipompapasa chini ya sikio akiwa ameshalala pale ndio nikakuta tezi imevimba kama yai la kuku. Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa wa kupe. OTC inasaidia ndigana baridi lakini ndigana kali ikishamkamata ng'ombe haiiponyi, inataka dawa yake na inataka iwahi, na mimi siku tatu zote nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwenye lile tezi mkono wangu haukwenda.

Kwa hiyo nawaomba sana, kabla hujagusa bomba la sindano toa kipimajoto. Kama ni cha kioo kikung'ute kwanza zebaki ishuke, kipake mafuta kidogo, kifunge uzi ukibane kwenye mkia kisije kikapotelea huko, halafu ukiingiza kiegemee ukuta wa utumbo, usikichomeke katikati ya kinyesi maana utasoma joto la kinyesi. Dakika mbili. Ng'ombe mzima ni kama 38.5, akifika 40 na kupanda una kazi. Hizo dakika mbili usizipoteze, papasa tezi za chini ya sikio na za mbele ya bega, funua sikio utazame kupe wa humo ndani maana huyo ndiye analeta ndigana kali, tazama ufizi na jicho kama ni vyeupe au vya njano. Ni bure hiyo yote, na mnaiweza tangu mwaka wa kwanza.

Siku hizi nikipita kwenye maduka ya dawa za mifugo nasikitika, mtu anasema tu ng'ombe wangu hali, anapewa antibayotiki anaondoka nayo, na kijana aliyemuuzia amesoma chuo. Hivyo ndivyo vijidudu vinavyozoea dawa, na dawa inaacha kufanya kazi. Na ukichoma mwambie mwenye ng'ombe maziwa haya usiuze na usimpe mtoto mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe, hata kama atanuna, na atanuna kweli maana ni hela yake inamwagwa.

Kimeta nacho. Ukiitwa ukakuta mnyama amekufa ghafla, damu inatoka puani na nyuma na haigandi, usikubali wakupe kisu. Watu wa kijiji watataka umpasue uone au umwandikie nyama iliwe, watakwambia mzee aliyepita alikuwa anaruhusu. Kibudu hicho hakichunwi, hakiliwi, kinachomwa au kinafukiwa chini sana, na wewe unatoa taarifa wilayani siku hiyohiyo. Ukimfungua, vimelea vikipata hewa vinajivika ganda na kukaa kwenye udongo miaka na miaka, watoto wa watoto wao watachungia hapohapo.

Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 inataka uandikishwe Baraza la Veterinari na ufanye kazi chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Watu watawaita dokta tangu siku ya kwanza ya fildi, itikeni kwa heshima lakini mkikwama pigeni simu, mkubwa wako akikufokea kwa kumsumbua usiku ni afadhali kuliko yale macho ya mama anayetazama banda tupu.

Nunueni gambuti, ovaroli na kipimajoto kabla ya simu mpya. Fildi ikiwapeleka machinjioni msikae pembeni na koti safi, chaneni maini wenyewe mwone minyoo, fungueni tezi za mapafu, maana mkono ukishazoea kilicho kizima unashtuka wenyewe ukigusa kibovu.

Yule mama alikaa kama miaka miwili bila ng'ombe, akapata mtamba wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na asubuhi mtamba alipokataa majani alimtuma mwanae kwangu, kwangu mimi, sikuamini. Nikakuta ameshaweka maji, sabuni na taulo. Nikapima, 40.6. Nikapapasa sikio la kushoto, tezi lipo, dogo bado kama harage. Tulikuwa tumewahi.