Kwa wanangu mliosoma historia, Kiswahili na jiografia, na sasa mnataka biashara

Wanangu,

Marahaba kwa salamu zenu. Mnaniuliza swali moja kwa maneno tofauti: umemaliza shahada isiyo ya biashara, unataka kufanya kazi kwenye kampuni au kufungua yako, je, urudi chuoni uanze upya? Nawajibu kwa pamoja. Msirudi. Ada ya miaka mitatu mingine ni mtaji. Ila wenzenu wa B.Com, yaani shahada ya biashara, wana kitu ambacho ninyi hamna, nacho ni hesabu za biashara. Hizo hamna budi kuzitafuta.

Mimi nilisoma historia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukarani wa stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Mwezi wa tatu tajiri akaniita: "Daftari linasema tuna faida, mbona hela ya pango haipo?" Sikuwa na jibu. Nilikesha na yale madaftari hadi nikaona: nondo na mabati tulikuwa tumewapa mafundi kwa mali kauli, yaani wachukue sasa walipe baadaye. Kwenye daftari yameandikwa mauzo, kwenye droo hakuna kitu. Usiku ule ndipo nilipotenganisha faida na fedha taslimu kichwani mwangu, na hadi leo naona vijana wenye akili nzuri wakikata mtaji kwa kutotenganisha vitu hivyo viwili.

Jifunzeni kuandika leja, daftari kuu la hesabu, kwa mkono kabla ya kugusa kompyuta. Jifunzeni kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na kuhesabu mali stoo bila kumuuliza mtu inapaswa kuwa ngapi. Jifunzeni kodi. Duka lililosajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, likiuza kitu kwa 118,000 kodi ikiwa ndani, kwa kiwango cha asilimia 18, basi 18,000 ni ya serikali, imepita tu mkononi mwenu. Anayeitumia kununulia mzigo mpya anakopa TRA, Mamlaka ya Mapato, bila kuomba.

Mkitaka cheti, mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, ina njia kwa wenye shahada zisizo za uhasibu; nendeni mkaulize mnaanzia ngazi gani. MBA, shahada ya uzamili ya biashara, nayo hupokea watu wa fani nyingine, lakini nawaomba mfanye kazi kwanza miaka kadhaa. Darasa lile ni tamu kwa aliyewahi kudaiwa mshahara na watu.

Wala msidharau mlichosoma. Mwanahistoria amefundishwa kuuliza waraka umeandikwa na nani, lini, na kwa faida ya nani. Mkaguzi wa hesabu akishika ankara anauliza hayo hayo. Aliyesoma jiografia anajua masika ikianza ujenzi unapungua, kwa hiyo hatajaza saruji stoo mwezi Machi. Aliyesoma Kiswahili ataandika barua ya kudai deni ambayo mteja ataisoma, atalipa, na kesho atarudi kununua. Barua hiyo ni ngumu kuliko mnavyodhani. Marehemu Ali Mufuruki alisomea uhandisi Ujerumani, akaja kuanzisha kampuni ya Infotech na kuwa mwenyekiti mwanzilishi wa CEO Roundtable ya Tanzania, jukwaa la wakuu wa makampuni. Uhandisi wake haukumzuia.

Nina zoezi moja kwenu, nalo halina ada. Yupo mama ntilie unayekula kwake. Mwombe umwandikie hesabu siku 30. Andika mchele, mkaa, mafuta, maji, nauli ya kwenda sokoni, mshahara wa binti anayeosha vyombo. Andika sahani zilizouzwa na zilizokopeshwa. Andika pia sahani walizokula watoto wake, maana zimetoka kwenye sufuria lile lile, na hapo ndipo wengi hukosea. Usisahau kazi yake mwenyewe, kuanzia saa kumi alfajiri. Mwezi ukiisha, kaeni chini mwonyeshe kilichobaki. Atakaposema "hapa umekosea, mwanangu", funga mdomo, shika kalamu, uandike anachosema.

Mama yenu,
mhasibu mstaafu, Dar es Salaam