Nendeni Mkiwa Wauguzi: Barua ya Wazi kwa Wanafunzi wa Uuguzi wa Lamu

Wanangu,

Assalaam alaykum. Baadhi ya wazazi wenu wamenijia nyumbani kunitaka niwaase msiende ng'ambo, na baadhi yenu mmenijia kwa mlango wa nyuma kunitaka niwaombee ruhusa kwa wazazi hao hao. Kwa kuwa siwezi kumpa kila mmoja jibu lake faraghani bila kuonekana ninacheza pande mbili, nimeona niandike barua moja isomwe na wote. Nimeuguza hapa Lamu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nimeuguza Saudi Arabia pia, na sasa nimestaafu, kwa hiyo sina cha kupata wala cha kupoteza katika uamuzi wenu.

Rai yangu ni kwamba safari hii ina faida kubwa, nami sioni sababu ya kumzuia muuguzi aliyejiandaa. Ila faida hiyo humfikia yule anayekwenda akiwa muuguzi, akapokewa kama muuguzi na akafanya kazi ya uuguzi. Anayekwenda kwa jina jingine, hata akilipwa vizuri, huacha taaluma yake uwanja wa ndege.

Jueni kwanza kwamba hamwendi kuomba hisani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema dunia ina wauguzi milioni 29.8, na kwamba mwaka 2023 kulikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.8. Muuguzi mmoja katika kila saba duniani anafanya kazi katika nchi ambayo hakuzaliwa. Hapa kwetu, tangu huduma za afya zilipokabidhiwa serikali za kaunti mwaka 2013, tumeishi na kinyume cha ajabu: wodi hazina wauguzi wa kutosha, na wauguzi wenye vyeti wamekaa majumbani wakingoja tangazo la kazi. Mtu anayemwita msaliti kijana aliyekaa hivyo, akiuza maandazi ili alipie leseni yake, angemtafutia kazi kwanza ndipo amlaumu. Kwa mwenye uzoefu ambaye kuondoka kwake kunaiacha wodi nzima mikononi mwa wanagenzi, lawama hiyo ina uzito zaidi, na huyo namwomba angalau atoe taarifa mapema na amfundishe atakayemrithi.

Nisipozungumzia pesa mtasema bibi anajitia utawa. Muuguzi anayeanza kazi katika huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ile NHS, huingia daraja la tano la mishahara, ambalo kwa England katika mwaka wa fedha wa 2025/26 lilianzia pauni 31,049 kwa mwaka, kwa saa 37.5 za kazi kwa wiki, pamoja na siku 27 za likizo ya malipo mbali na sikukuu. Ukipiga hesabu kwa shilingi utashika kichwa. Lakini kabla hujaahidi kumjengea mama ghorofa, ondoa kodi ya mapato, bima ya taifa na mchango wa pensheni. Mkononi hubaki kama pauni elfu mbili kwa mwezi, na humo humo mna kodi ya nyumba, umeme wa kupashia joto, nauli na chakula. Saudi Arabia haikati kodi kwenye mshahara, mikataba mingi ya hospitali hutoa makazi na tiketi ya likizo, na sheria ya kazi ya huko inampa mfanyakazi kiinua mgongo cha nusu mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha mshahara mzima wa mwezi kwa kila mwaka unaofuata. Ndiyo maana anayeona tarakimu ndogo Riyadh huweza kuweka akiba sawa na mwenzake wa London, au kumpita. Linganisheni kinachobaki, msilinganishe kinachotangazwa.

Pesa ni faida ya wazi, wala haihitaji mzee kuieleza. Ninayotaka muione ni ile inayobaki mikononi baada ya pesa kwisha.

Katika wodi niliyofanya kazi Saudi Arabia, insulini haikudungwa na muuguzi mmoja peke yake. Mmoja alivuta dawa. Wa pili alichukua jalada, akasoma maagizo ya daktari na kupiga hesabu yake mwenyewe bila kuambiwa mwenzake amepata ngapi, ndipo wakalinganisha. Kisha wote wawili walikwenda kitandani, wakamwuliza mgonjwa aseme jina lake badala ya wao kumtajia aitikie, wakalisoma kwenye utepe wa mkononi, na saini mbili zikaingia jaladani. Wageni wengi hukasirika wakifanyiwa hivyo siku za mwanzo, kwa kuwa mtu mzima aliyesomea kazi haoni kwa nini asimamiwe kama mtoto. Baada ya muda unaelewa kwamba hakuna anayekushuku wewe. Kinachoshukiwa ni uchovu wa saa tisa usiku, ambao haujali cheti cha mtu. Desturi hiyo haihitaji mashine wala umeme, na aliyeizoea hawezi tena kuuguza bila hiyo popote atakapokuwa.

Zipo pia fani ambazo hapa mtu huzisikia darasani na kuzigusa mara chache: uuguzi wa wagonjwa mahututi, usafishaji wa damu kwa mashine, uangalizi wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Hospitali kubwa za ng'ambo hukuweka chini ya mwenzako mzoefu kwa miezi, hukupeleka kozi kwa gharama yake, na hukutaka uthibitishe kwa vitendo kabla ya kuachiwa mgonjwa. Kwa hiyo mkiletewa barua mbili za ajira, moja yenye mshahara mkubwa katika nyumba ya kulelea wazee na nyingine yenye mshahara mdogo kidogo katika wodi ya mahututi, nawashauri ya pili, hasa mkiwa bado vijana.

Nasema hivi nikiwaza visiwa vyetu. Mama akipatwa na damu nyingi baada ya kujifungua kule Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, aliyepo mara nyingi ni muuguzi peke yake, na ikiwa maji yamekupwa kwenye mlango wa bahari wa Mkanda, boti haipiti njia ya ndani mpaka yajae. Saa hizo ni za muuguzi. Anayejua kupima damu iliyotoka badala ya kuikadiria kwa macho, anayesugua tumbo la uzazi huku dawa na maji ya mshipani vikienda kwa pamoja bila kungoja kimoja kishindwe ndipo aanze kingine, ndiye anayeufikisha uhai Amu, yaani mjini Lamu. (Na ili msidhani kila elimu hutoka ughaibuni, utaratibu huo wa kupima damu na kutoa tiba zote kwa pamoja ulithibitishwa na utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2023, na ulipunguza utokaji wa damu wa hatari kwa asilimia 60.)

Sasa nirudi kwenye neno nililoanza nalo, la kwenda mkiwa wauguzi. Wapo mawakala wanaowaambia wauguzi wetu kwamba njia rahisi ni kuingia kama mlezi wa wazee au mfanyakazi wa nyumbani, kisha kubadilisha ukishafika. Kazi ya kumwogesha na kumlisha mzee ni ya heshima, nami siidharau, lakini haihesabiwi kuwa uzoefu wa uuguzi. Miaka inapita bila kushika dawa, leseni ya Kenya inakwisha muda wake, na siku unapoomba nafasi ya uuguzi unaulizwa ulikuwa wodi gani hivi karibuni. Isitoshe, milango hiyo hufungwa ghafla. Uingereza iliwanyima walezi wapya ruhusa ya kuja na familia zao kuanzia Machi 2024, na Julai 2025 ikasimamisha kabisa maombi mapya ya walezi kutoka nje, huku viza ya wauguzi waliosajiliwa ikiendelea.

Mlango wa haki una ngazi nyingi, lakini zinajulikana. Kwa Uingereza, baraza lao la wauguzi linataka kipimo cha Kiingereza, ambapo kwa mtihani wa kimataifa uitwao IELTS ni alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Baadaye mtihani wa kompyuta, na mtihani wa vitendo unaofanyika huko huko. Kenya na Uingereza zilitiliana saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021, na uajiri wa wauguzi wetu unatakiwa kupita ndani yake, kwa hiyo wakala anayejigamba kuwa na njia ya mkato aulizwe maswali mengi. Saudi Arabia huhakiki vyeti vyenu kwa chuo na kwa waajiri waliotangulia, kisha kuna mtihani wa kompyuta wa leseni. Huko madaktari mtawasiliana nao kwa Kiingereza, na wagonjwa kwa Kiarabu, na nyinyi mliosoma madrasa mna mwanzo mzuri kuliko wenzenu wengi, ingawa Kiarabu cha mgonjwa anayelalamika tumbo si kile cha kitabuni. Marekani ina mtihani wa leseni ya uuguzi uitwao NCLEX-RN, na foleni ya viza inayoweza kuchukua miaka. Anayeichagua aendelee kufanya kazi huku akingoja. Ujerumani, ambayo ilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa kazi na Kenya Septemba 2024, kwa kawaida hutaka Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani cha juu ya wastani, kabla ya kumtambua mtu kuwa muuguzi kamili. Hapo pana mtego mmoja: mafunzo yao ya miaka mitatu yenye posho yanamfaa aliyemaliza kidato cha nne, lakini muuguzi mwenye diploma akiyakubali anaanza alifu upya. Nyinyi ombeni kutambuliwa kwa vyeti mlivyonavyo.

Kuhusu karatasi, nina jambo moja ambalo huwaangusha watu wa pwani kuliko mitihani. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, cha shule Muhammad, kitambulisho Mohammed, na jina la babu limo katika kimoja na halimo katika kingine. Swaleh anakuwa Saleh, Aisha anakuwa Esha. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Ofisi ya ng'ambo inaona watu watatu, na faili linasimama. Yasawazisheni majina sasa, kwa hati ya kiapo au kwa kubadilisha vyeti vyenyewe, wakati bado hamna haraka. Pia lipieni leseni yenu kwa Baraza la Wauguzi la Kenya kila inapokwisha, maana barua ya kuthibitisha usajili wenu hutoka kwao, nayo haitoki kwa mtu aliyeacha leseni ife.

Mawakala halali husajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Tafuteni jina lao katika orodha hiyo kabla ya kutoa hata nakala ya pasipoti. Kanuni za uajiri za Uingereza zinakataza mwombaji kutozwa ada ya kutafutiwa kazi, kwa hiyo anayewadai malaki ya "kushughulikia faili" kwa nchi hiyo amejitambulisha mwenyewe. Someni kifungu kinachosema mtalipa kiasi gani mkiacha kazi kabla ya muda. Namjua binti aliyeshindwa kuhama wodi iliyokuwa ikimuumiza mgongo kwa sababu ya sentensi moja ya kifungu hicho, ambayo alitia saini bila kuisoma.

Kwa wazazi wa mabinti nina neno pia. Najua hofu ya mtoto wa kike kuishi peke yake ugenini, na si hofu ya kuchekwa. Ulizeni anakaa wapi, na nani, nani ana ufunguo, na zamu ya usiku anarudi kwa usafiri gani. Hospitali nzuri huwa na majibu ya maswali hayo kwa maandishi. Lakini msimwambie kwamba kazi yenyewe haimfai mwanamke mwenye dini. Rufaida al-Aslamiyya aliuguza majeruhi katika hema lake Madina zama za Mtume, na Sa'd bin Mu'adh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq ndimo alimopelekwa.

Na anayeamua kubaki asijione amekosa bahati. Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, alitunukiwa Dubai mwaka 2022 zawadi ya kimataifa ya wauguzi ya dola 250,000, kwa kazi aliyoifanya kwao nyumbani.

Mtakaokwenda, kubalianeni na jamaa kabla ya kupanda ndege kuhusu kiasi mtakachotuma kila mwezi, na kiwe kiasi mnachoweza hata mwezi wa shida. Ukianza kwa kutuma mshahara wote, siku utakapopunguza utaambiwa umebadilika. Aliyeajiriwa na kaunti aulize kwanza kama anaweza kupewa likizo bila malipo kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu. Na mkija likizo, pitieni wodini hata asubuhi moja, muwaonyeshe wadogo zenu mnavyofanya huko. Matroni atawapa nafasi, na wanagenzi watawasikiliza nyinyi kuliko wanavyonisikiliza mimi.

Mwenye mkataba mkononi aje nao baada ya swala ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, tuusome pamoja kabla hajautia saini. Aje na mkataba wenyewe halisi na pasipoti. Picha ya simu sitaisoma, macho yangu hayawezi tena.

Wasalaam,

Bibi yenu, mkunga mstaafu
Langoni, Lamu