Msesewe sio mti pori, mhariri

Mhariri, gazeti lako nalisoma tangu niko kijana na sijawahi kukuandikia hata siku moja, ila ile habari yenu ya miti ya kando ya mito huku Moshi imenishinda. Eti msesewe ni mti pori, kazi yake kutia uchungu kwenye pombe tu. Ripota wenu alimuuliza nani?

Msesewe unaota panapokaa maji, kijani mwaka mzima, ukiugusa na panga unatoa maziwa. Haupo kwetu tu, unaota kando ya mito mpaka Afrika Kusini na kule wanauita mti wa kwinini kwa uchungu wa gome lake. Na hiyo "pombe tu" ni mbege, pombe yetu Wachaga. Unaweza ukachemsha ndizi mbivu vizuri, ukaotesha ulezi ukasaga ukapika uji, bila msesewe hapo huna mbege ya kupeleka kwenye mahari wala ya kuweka mbele ya wazee.

Sasa sikia kilichonikuta. Desemba nimepanda nyumbani Krismasi kama kawaida, naenda kihambani, shamba letu la ukoo, nakuta msesewe aliouacha baba pale kwenye mfongo, ule mfereji wa maji wa wazee, umechunwa gome lote kuzunguka, kuanzia chini mpaka mkono wa mtu unapoishia, mti uko uchi, mbao imeanza kupasuka na majani ya juu yamekauka yananing'inia, na ukishachuna hivo kuzunguka mti haurudi tena, umeua. Mama yangu alikua anachukua kipande cha gome sawa na kiganja, upande mmoja tu, anapaka udongo mbichi pale kwenye kidonda, mwakani anahamia mti mwingine. Anakianika juu ya bati, anatwanga, sisi watoto tukilamba ule unga uchungu unakaa mdomoni mpaka jioni. Mti umehudumia ukoo mzima miaka yote hiyo alafu mtu mmoja kaumaliza usiku mmoja akajaze gunia la kuuza mjini! Nililia mhariri, mtu mzima mimi.

Na mfongo wenyewe ndo usiseme. Wazee walichimba kwa majembe maji yakafika kila kihamba, leo umejaa pampasi na chupa za plastiki, tukiuliza tunaambiwa kamati itakaa.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Basi mtendaji aje na futi kamba tupime wote, na sokoni gome lolote pana kuliko kiganja cha mama anayeuza lisiuzwe, maana hilo limetoka kwenye mti uliouawa.

Mi nimeotesha miche kwenye makopo ya rangi, minne imeshika. Mmoja nampa ripota wenu, aje auchukue kabla ya masika.

Mkazi wa Uru, Moshi