Kabichi, vidonge na kaka yako

Ndugu yangu Athumani,

Salamu sana. Huku hatujambo, watoto wazima, mimi goti tu ndilo linalonikumbusha miaka. Pole sana kwa habari za kaka yako kupata saratani ya tezi dume. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili ndipo nilipogundua kwamba ugonjwa wake umeumaliza kwa mistari mitatu, kisha ukurasa mzima uliobaki ni brokoli na ile chupa ya vidonge vyake uliyouziwa ukiambiwa vinakinga saratani hiyo. Basi nianzie unapotaka wewe, halafu nitakuja ninapotaka mimi.

Aliyekuuzia hakukudanganya yote. Kabichi, brokoli, koliflawa, figili na haradali ni ukoo mmoja, na zote zina kemikali ziitwazo glukosinoleti. Ndani ya jani zima kemikali hizo zimetulia tu. Ukilikata au ukilitafuna, kimeng'enya kiitwacho mirosinasi, ambacho mmea ulikuwa umekitenga nazo, kinazifikia na kuzivunja. Ule ukali wa haradali unaopanda puani ndiyo kazi yake. Katika brokoli kinachozaliwa ni sulforafeni. Mwanasayansi Paul Talalay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliitoa kwenye brokoli mwaka 1992, wakaonyesha kwamba inazichochea seli kutengeneza vimeng'enya vya kuondoa sumu. Tangu hapo imejaribiwa maabara kwenye seli za saratani ya tezi dume, na huzipunguzia kasi ya kukua. Ila seli iliyo kwenye kisahani cha kioo haina ini, haina utumbo, wala haina mtu wa kuipikia.

Na mapishi yana maneno. Mirosinasi haivumilii moto. Kabichi ikichemshwa mpaka ikalegea, kimeng'enya kimekwisha, na sehemu ya glukosinoleti imemwagwa na maji. Hapo unabaki kutegemea bakteria wa utumboni, ambao hufanya kazi hiyo kwa kiasi kidogo. Dawa yake ni kukata kwanza, ukaacha kama dakika 40, ndipo ukapika kwa mvuke dakika chache. Au nyunyiza unga wa haradali juu ya mboga iliyokwisha kuiva, maana una mirosinasi yake. Nilipojaribu, shemeji yako aliniuliza kabichi imefiwa na nani hata ikakaa matanga kwenye sinia.

Sasa twende kwa wanaume wenyewe. Utafiti uliofanywa Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba waliokula mboga za ukoo huu mara tatu au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano wa saratani hii pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliokula chini ya mara moja. Nadhani ndiyo namba uliyosomewa. Lakini pale waliulizwa watu ambao baadhi yao walikuwa wameshaugua, wakumbuke walichokuwa wakila, nani anakumbuka? Wanaume wapatao 130,000 wa Ulaya walipofuatiliwa tangu wakiwa wazima, matokeo yake yakatoka mwaka 2004, uhusiano huo haukuonekana. Kisha mwaka 2020 yakatoka majibu ya jaribio la Marekani: wanaume 478 wenye saratani hiyo ya aina inayokua taratibu, nusu yao wakielekezwa kula mboga sehemu saba au zaidi kwa siku, mbili kati yake za ukoo wa kabichi. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele sawasawa kwa pande zote mbili.

Kabichi mimi naendelea kuila, ni chakula kizuri. Vidonge ndivyo vinavyonitia shaka. Vitamini E nayo ilisifiwa hivihivi, ikajaribiwa pamoja na madini ya seleniamu kwa wanaume zaidi ya 35,000, na mwaka 2011 ikabainika kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi.

Na kama kaka anatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, usimjazie mboga za majani ghafla. Zina vitamini K, huvuruga dozi. Amwambie daktari kwanza.

Haya, nimefika nilipotaka. Athumani, mwanamume ambaye ndugu yake wa tumbo moja amepata saratani hii, uwezekano wake wa kuipata ni zaidi ya mara mbili ya wengine. Nawe umeshapita hamsini. Umeniandikia kwamba "mkojo unatoka vizuri", kama vile hiyo ni hati ya kuachiwa huru. Saratani hii ikiwa changa mara nyingi haina dalili yoyote. Nenda ukazungumze na daktari kuhusu kipimo cha PSA, yaani protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu. Ni damu kidogo tu ya mkononi. Kikipanda si lazima iwe saratani, hata tezi iliyovimba au maambukizi hukipandisha, ndiyo maana nasema uzungumze naye, usiishie kusoma namba mwenyewe. Na mtajie daktari habari za kaka yako mapema, usingoje akuulize.

Mimi nilipima mwaka jana. Niliahirisha mara tatu, kwa hiyo visingizio vyote navijua, usinitumie hata kimoja. Niandikie tarehe. Chupa irudishe kama bado hujaifungua.

Msalimie sana kaka.

Wako,
Juma