Danube haikuwa ukuta wa Roma

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mipaka ya Dola la Roma niliisoma kwa furaha, ila mahali pamoja nilikwama: pale mliposema Warumi walijificha nyuma ya Danube, ule mto mkubwa wa Ulaya uliokuwa mpaka wao wa kaskazini, kama watu walio nyuma ya ukuta. Nafundisha historia, na picha hiyo nahangaika kuing'oa vichwani mwa wanafunzi kila mwaka.

Wenyeji wa ng'ambo walikuwa na mitumbwi, na baridi ikizidi Danube huganda, mtu akavuka kwa miguu. Warumi walilijua hilo vizuri. Ndiyo maana walipanga minara ya walinzi kati ya ngome na ngome, wakapitisha barabara nyuma yake, na mtoni wakaweka mashua za doria. Nguzo ya Kaisari Trajan, ambayo ingali imesimama mjini Roma, inaonyesha minara hiyo: mienge imechomoza juu, na kando yake malundo ya kuni na nyasi. Mlinzi hakutarajiwa kuzuia jeshi peke yake. Kazi yake ilikuwa kuona na kupasha habari.

Yapo pia maandishi ya mawe yaliyopatikana Hungaria, ya miaka ya 180 hivi. Yanasema Kaisari Commodus alijenga minara na vituo ukingoni, mahali ambapo majambazi wangeweza kuvuka kwa siri. Majambazi, Mhariri! Hayataji jeshi la adui. Tena huko Iža, katika Slovakia ya leo, Warumi walijenga ngome upande wa pili wa mto, mkabala na kambi yao kuu ya Brigetio. Mwenye ukuta hawezi kulala nje yake.

Na jambo lililoniuma zaidi kulikosa katika makala ni mwaka 376. Wagothi, watu wa kaskazini ya mto, waliokuwa wakiwakimbia Wahun, wapanda farasi kutoka mashariki, waliomba ruhusa ya kuvuka, Kaisari Valens akakubali, wakavushwa. Walipofika upande wa Roma, maofisa wa Kirumi wakawauzia chakula kwa bei ya kinyama, hata watu wakatoa watoto wao utumwani wapate nyama ya mbwa. Wagothi wakaasi, na mwaka 378 Valens akauawa vitani Adrianople, mji ulioko Uturuki ya leo. Hapo hakuna ngome iliyobomolewa wala mnara uliolala usingizi. Mkiirudia mada hii, naomba muanzie hapo.

Mwalimu wa historia,
Tanga